Kombora la Issuna

Issuna, 9 Agosti 1959

Mwanangu Elina,

Sisi hatujambo. Mama yako mdogo Martha anakusalimu na anauliza kama huko Uskochi umepata mtama. Nimemwambia hakuna. Anasema niulize tena.

Sasa nisikilize. Wiki mbili zilizopita lori la Boma liliingia katika mbuga yetu ya kulishia na Wazungu wawili wenye darubini ya miguu mitatu. Wamepiga vigingi arobaini, kila kigingi kimefungwa kitambaa chekundu. Nilimwendea yule mkubwa na kumwuliza kwa Kiingereza changu cha Burma, "Bwana, mnapima nini?" Akasema nitaambiwa na Jumbe. Jumbe akasema yeye ataambiwa na Bwana DC. Bwana DC yuko likizo kwao. Nchi hii ina ngazi ndefu ya watu wasiojua.

Mimi lakini nasoma magazeti. Wafaransa wanataka kulipua bomu lao la atomu katika jangwa la Sahara, kana kwamba Sahara haina watu. Waingereza nao wameanza kurusha kombora jipya kutoka kisiwa kimoja cha huko huko uliko, na wakulima wa kisiwa hicho walipinga wakashindwa. Kama wameweza kumfanyia hivyo mkulima mweupe, mwenye ngozi kama ya Malkia, watashindwaje kwa Mnyaturu wa Issuna? Bahari yao itawachosha. Watatafuta uwanda.

Wewe uko huko, una macho na masikio. Kombora hilo linakwenda umbali gani? Linataka ardhi kiasi gani? Walipoanza walipigaje vigingi? Ulijifunza kusoma kwenye magazeti yangu ya zamani, mtoto wa marehemu kaka yangu Antipasi, basi sasa nisomee hilo.

Baba yako mdogo,
Leonidas Mughwai

*

Uskochi, 6 Septemba 1959

Baba Mdogo wangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilikuwa na maswali kumi na salamu moja, na hata hiyo moja ilikuwa ya Mama Mdogo. Mwambie mtama hakuna. Kuna shayiri, wanaipika uji mzito wenye chumvi, na ukifumba macho unaweza kudhani upo nyumbani, mpaka ufumbue.

Umeuliza kwa wakati wake. Katika wodi yangu kuna askari wa miaka ishirini aliyeletwa kutoka kisiwa hicho. Alivua glavu kwa haraka zake mwenyewe, na tindikali ya kombora ikamla mikono yote miwili. Kwa kuwa hawezi kushika kalamu, mimi ndiye ninayemwandikia mama yake barua. Akimaliza maneno ya mama yake hunisimulia mengine. Ni mtoto tu, Baba Mdogo. Ananiita Sista, jina la nesi mkubwa hapa, na mimi mwanafunzi sijafika hata kuwa nesi.

Anasema Waamerika ndio waliolitengeneza, na Waingereza wamelinunua. Ujuzi wenyewe ulianzia kwa Wajerumani, waliorusha makombora yao London wakati wewe uko Burma. Hili linabebwa na malori, linasimamishwa wima kama mnara wa kanisa, na kulitayarisha ni kazi ya saa nyingi. Linatiwa vitu viwili visivyopatana, tindikali na mafuta fulani, na vikikutana tu vinawaka bila kiberiti. Kisha linapaa na kwenda maili sabini na tano. Nimekupimia: ukilirusha kutoka Boma la Singida, litapita juu ya Issuna, juu ya Mkiwa, na kuanguka stesheni ya Manyoni kabla Mama Mdogo hajasonga ugali. Hapa wanalirushia baharini kwa mazoezi. Vita vikija watalipeleka Ujerumani na kulitia bomu la atomu kichwani, ili lipige nyuma ya majeshi ya Warusi. Anasema mji unaolengwa unaweza kuwa wa Wajerumani wale wale wanaowauzia mkate kambini, na jambo hilo ndilo wameamriwa wasilitaje.

Jina lake utacheka. Wameliita Koplo. Wewe ulikuwa Koplo katika KAR, jeshi la Mwingereza, na nilimwambia mgonjwa wangu kwamba nimelelewa na mmoja, naye pia huwaka bila kiberiti.

Kuhusu vigingi: sajini wao amesema baada ya kisiwa hiki watapelekwa nchi ya joto yenye uwanda mpana, Afrika labda. Lakini sajini huyo ni mtu wa mzaha, wiki iliyotangulia aliwaambia watapelekwa mwezini.

Baba Mdogo, haya ni maneno ya mgonjwa. Tumeapa kwamba la kitandani halitoki kitandani. Nimekuambia kwa sababu sijawahi kukuficha neno. Najua kwetu barua ya mbali ni ya wote, lakini hii usiisome baada ya misa. Wape watu salamu zangu, basi.

Mwanao,
Elina Antipasi

*

Issuna, 4 Oktoba 1959

Mwanangu mpendwa,

Nimeisoma baada ya misa. Usikasirike kabla hujamaliza ukurasa.

Katekista alileta bahasha mbele ya watu wote. Padre alipotoa baraka, walikuwa wamekwisha kukaa nje, wanangoja. Nikasema, "Elina anawasalimu, hajambo," nikaitia barua mfukoni. Unajua mwenyewe kwetu barua inafichwa lini. Jirani yetu Dorkas akaanza: "Elina amekufa! Leonidas anatuficha! Yatima wa watu amekufa kwa baridi!" Wanawake wakapokea. Mama yako mdogo, ambaye hajui kitu, akavua kitambaa cha kichwa. Ningefanya nini, nikuache uliliwe ungali hai? Niliitoa nikasoma. Na nilipoanza kusoma, mwanangu, sikuweza kuacha. Sijawahi kusoma kitu kikanyamaziwa namna ile.

Nilipofika kwenye nchi ya joto yenye uwanda mpana, binamu yangu Alphonce alisimama. Unamjua kwa utani wake. Mara hii hakutania. Alikwenda mbugani na vijana na akina mama, na kabla jua halijaegemea vigingi vyote arobaini vilikuwa kuni. Wapimaji walirudi Jumatano, wakakuta majivu, wakaondoka.

Nimeliandikia gazeti. Mhariri amechapa barua yangu yote, safu nzima ukurasa wa pili: "Binti yangu Elina, nesi Uskochi, amesikia kwa masikio yake kutoka kwa askari mwenyewe." Watu wa Singida mjini wameibandika ukutani sokoni. Safari hii hatukungoja kuambiwa. Na wewe ndiye uliyetuambia!

Alphonce anasema ukirudi atakupa ndama. Mdai, maana ni mwongo.

Baba yako mdogo mwenye fahari,
Leonidas Mughwai

*

Uskochi, 11 Novemba 1959

Baba Mdogo,

Shikamoo.

Gazeti lako limefika hapa kabla ya barua yako. Mtu wa serikali Dar es Salaam alilituma London, na London wakalileta mezani kwa Metroni wetu, mkuu wa manesi, pamoja na tafsiri ya Kiingereza iliyopigwa taipu. Jina langu limepigiwa mstari. Walikuja wanajeshi wawili wakauliza ni mgonjwa gani. Katika wodi yangu askari ni mmoja tu, mwenye mikono ambayo haijaweza hata kushika kijiko. Nikasema sikuambiwa kitu na mtu yeyote. Huo ni uongo wangu wa kwanza tangu nivuke bahari, na nimeusema kwa ajili yako na yake.

Hawakuniamini. Metroni amenipa mpaka mwisho wa Januari nijitetee. Ikithibitika nimetoa maneno ya mgonjwa, ninarudishwa nyumbani bila cheti, na kijana atakwenda jela ya jeshi mara mikono yake itakapoweza kufungwa pingu.

Tena uliruka sentensi moja. Niliandika kwamba sajini ni mtu wa mzaha, kwamba alisema pia habari za mwezi. Nimelisoma gazeti mara tatu, na mwezi haupo. Baba Mdogo, wewe ndiye uliyenichapa kiganja kwa kuruka mstari nikisoma.

Liko jambo moja tu linaloweza kutuokoa. Liandikie gazeti hilo hilo kwamba barua uliitunga mwenyewe, kwamba Elina hakukuandikia neno lolote la kombora. Najua ninachokuomba. Nimekuona ukishinda njaa kuliko kumwomba Jumbe radhi kwa jambo ulilokuwa na haki nalo. Lakini sina mwingine wa kumwomba.

Nimelishusha sanduku langu kutoka juu ya kabati. Nakupenda, na nimekasirika hata siioni karatasi.

Elina

*

Issuna, 29 Novemba 1959

Mwanangu,

Umenipiga, na umenipiga vizuri, maana mimi ndiye niliyekufundisha.

Sentensi niliiruka. Nilijua ninairuka. Nilijiambia safu ya gazeti haitoshi, lakini safu ingetosha. Mtu anayepigana hatafuti sentensi ya kumsaidia adui. Hilo ni kosa langu na nalibeba.

Lakini unachoniomba siwezi. Nina nini mimi? Sina zizi kubwa. Cheo changu ni cha koplo mstaafu, na sasa hata hicho wamekipa kombora. Nina neno langu tu. Watu wakibishana njiani na mmoja akasema "Leonidas kaandika," ubishi umekwisha. Nilikataa kuvua kofia mbele ya mlango wa Boma, wakanitia ndani siku saba, na neno langu lilitoka nalo safi. Sasa nisimame mbele ya nchi nzima niseme mimi ni mtunga uongo? Hata Boma halijawahi kunipatia adhabu kubwa hivyo.

Isitoshe, ulichoandika ni kweli. Kombora lipo. Bomu la kichwani lipo. Miji ya watu waliolala inachorwa kwenye ramani zao. Nikikana, nimewasaidia kuficha. Wakikurudisha, rudi. Nitakupokea stesheni ya Manyoni kwa ngoma, binti wa watu wasemao kweli, na misheni haitamkataa msichana mwenye ujuzi wako, cheti au hakuna.

Mama yako mdogo anakusalimu. Sijamwambia.

Leonidas Mughwai

*

Issuna, 20 Desemba 1959

Mwanangu Elina,

Ndani ya bahasha hii kuna kipande cha gazeti. Mwonyeshe Metroni wako. Mengine tuyaache.

Noeli njema. Nitapumzika kuandika magazetini kwa muda. Macho yananisumbua.

Baba yako mdogo

*(Kipande cha gazeti:)*

*Bwana Mhariri, mnamo mwezi wa Oktoba nilichapisha maneno ya barua niliyosema imetoka kwa binti yangu aliyeko Uskochi. Barua hiyo niliitunga mwenyewe. Binti yangu huniandikia habari za uji wa shayiri na za baridi. Hajui kitu cha makombora, wala hajapata kusikia kitu kwa askari yeyote. Nilitaka watu wa Issuna waniamini, nikatumia jina lake. Nawaomba radhi wasomaji, na wale wote walionitegemea. — Leonidas Mughwai, Issuna, Singida.*

*

Uskochi, 17 Januari 1960

Baba Mdogo wangu,

Shikamoo, shikamoo tena.

Nilimpelekea Metroni kipande chako pamoja na tafsiri yangu. Alikisoma, akakirudia. Kisha akaniuliza, "Baba yako ni mtu wa namna gani?" Nikasema ni mtu anayebishana na redio. Ndipo akaniambia jambo ambalo hakuna nesi hapa aliyekuwa analijua. Dada yake alikufa London mwaka wa mwisho wa vita, kwa kombora la Wajerumani, akiwa kwenye foleni ya dukani. Linakwenda upesi kuliko sauti yake, akasema. Waliokufa hawakulisikia, na waliobaki walisikia mlio baada ya watu kwisha kufa.

Akakunja karatasi yako na kuitia kwenye faili. "Baba yako anaandika uongo kwa ufasaha mno," akasema. "Rudi wodini, kuna vitanda havijatandikwa."

Nafikiri anajua. Nafikiri alijua tangu mwanzo, na alihitaji tu karatasi ya kuwaonyesha wale wawili.

Kijana yupo. Juzi alishika kijiko, akakiangusha, akatukana, tukafurahi wodi nzima.

Sijui nikushukuru kwa maneno gani. Nilipokisoma kipande kile nilitaka kukirarua ili mtu mwingine asikione. Macho yana nini? Nenda kwa daktari wa misheni. Nakuagiza kama nesi.

Mwanao,
Elina

*

Issuna, 15 Januari 1961

Kwa Elina binti yangu,

Ni mimi Mama yako Mdogo Martha. Naandika mwenyewe. Masista wametufundisha, akina mama kumi na wawili. Siwezi kumpa mtu mwingine aandike maneno haya. Nimetumia siku nne, usicheke mistari.

Baba yako mdogo macho yake ni mazima. Anaona kupe juu ya ng'ombe wa jirani. Gazeti ndilo limemkataa. Wafaransa walipolipua bomu lao jangwani mwaka jana aliandika kurasa tisa, mhariri akazirudisha na kijikaratasi, kwamba hachapi tena kitu cha Leonidas Mughwai. Alisoma kile kijikaratasi akakitia katika Biblia. Tangu hapo anabishana na mimi peke yangu na mimi nimechoka.

Nikuambie na ya nyuma. Barua yako ya Septemba ilisikiwa na Issuna nzima. Ya Novemba hata mimi mkewe sikusomewa. Aliificha. Nikajua umekufa. Nikakaa chini uani, nikamwambia, Leonidas, nisomee au nianze kilio sasa hivi. Akasoma. Alisoma vizuri kama anavyosoma siku zote mpaka alipofika kwenye sanduku lako umelishusha. Hapo akaishusha karatasi. Nikamwambia endelea. Akasema imekwisha. Nikasema haijaisha, naona karatasi bado ina maneno. Basi akasoma mpaka chini. Nikaenda kukamua. Asubuhi alikwenda Singida kwa miguu na karatasi ya kupeleka gazetini mfukoni.

Watu walimcheka sana. Alphonce alipita anamwita Mtungaji. Baada ya ile karatasi ya gazeti watu walisema basi kombora ni uongo, wapimaji wakirudi waacheni. Wakarudi. Elina, vile vigingi vilikuwa vya lambo! Lambo la kunyweshea ng'ombe, lile tulilomwomba Boma miaka sita. Wamechimba kiangazi chote na mvua hizi limejaa. Ng'ombe wananywa hapa hapa, hatupeleki tena mbali. Yeye ananywesha saa sita watu wakiwa wameondoka.

Sikuandikii ulie. Nakuandikia ujue.

Martha

*

Uskochi, 12 Februari 1961

Baba Mdogo wangu mpendwa,

Shikamoo. Nimefaulu. Cheti kina jina la Antipasi, lakini kazi yote ni ya Leonidas. Nitapanda meli mwezi wa Mei.

Mama Mdogo ameniandikia, usimgombeze. Maandishi yake ni mazuri kuliko yako.

Sasa nisikilize mimi. Yule kijana ametoka jeshini. Ana karatasi zake, anafanya kazi ya kuuza tiketi za basi kwao, na vidole vinane vinakunjika. Hakuna wa kumfunga tena. Mimi cheti ninacho. Kwa hiyo nakuruhusu, tena nakuomba: liandikie gazeti. Sema barua ilikuwa ya kweli, sema kwa nini uliikana. Hata ile sentensi ya mwezi iweke, watu wajue kosa lako halisi lilikuwa lipi. Uliniazima jina lako ulilolisafisha miaka hamsini. Nataka kulirudisha.

Mwanao,
Elina Antipasi, Nesi

*

Issuna, 5 Machi 1961

Mwanangu, Nesi Elina,

Nimeisoma barua yako nje ya kanisa, kwa sauti, mpaka kwenye meli ya Mei. Dorkas alilia hata kwa furaha, yule mama hana kazi nyingine. Ukurasa wa pili nilimsomea Martha tu.

Ruhusa yako nimeipokea, na ninaikataa.

Kwanza nikuambie lililotokea mwezi uliopita. Boma limetoa amri kwamba ng'ombe wa vijiji vya ng'ambo wasinywe kwenye lambo letu. Watu wa ng'ambo ni wakwe zetu, ng'ombe wetu wamelala katika mazizi yao tangu enzi za babu. Wazee walikutana kutafuta mtu wa kuandika barua ya kupinga. Alphonce akasimama: "Mtafuteni Mtungaji. Mtu aliyeweza kulidanganya gazeti zima kwa kombora ambalo hajaliona, Bwana DC ni mlo wake mmoja." Wakaja kwangu saba, na kuku. Nilitaka kuwafukuza. Mama yako mdogo alikuwa amekwisha kumchinja kuku.

Nimewaandikia kurasa nne, kweli tupu, sikuruka hata nukta, na amri imeondolewa. Wanasema hawajaona uongo mtamu kama ule. Nifanye nini na watu hawa?

Sasa sababu. Nikisema leo kwamba Desemba ile nilidanganya, mtu atauliza ni nani aliyeniomba, na jibu ni jina lako. Atauliza ni nani aliyewaambia wale wanajeshi kwamba hakusikia kitu, na jibu ni jina lako. Metroni wako aliitia karatasi yangu kwenye faili akijua ni nini. Unataka nimwaibishe mwanamke ambaye dada yake alikufa kwenye foleni? Mimi nitapata safu moja ukurasa wa pili, na wewe utaanza kazi ukiwa nesi aliyetoa maneno ya mgonjwa. Mgonjwa wa Singida atakuambia nini baada ya hapo? Ataficha kidonda.

Tangu nipate akili nimebishana na watu ili niwashinde. Niliwashinda wengi, na sikumbuki hata mmoja aliyenipenda kwa hilo. Mara moja tu nimeshindwa kwa mkono wangu mwenyewe, na sitaki kesi hiyo ifunguliwe tena, hata na wewe. Jina unalosema umeliazima, kaa nalo. Lina kazi huko kuliko hapa.

Niandikie siku ya treni. Nitakuja Manyoni.

Ni mimi, mwongo wa Issuna,
baba yako,
Leonidas